Mama Nyuzi

Maabara nzima walimwita Mama Nyuzi, maana kazi yake ilikuwa kugeuza kipande cha shaba, kidogo kama punje ya mchele, katikati ya sumaku kubwa ya mashine ya kupimia, nyuzi tano tano za pembe, akipuliza vidole kila mara kama aliyeshika sufuria ya moto. Ndani ya shaba ile mlikuwa na chembe chache za madini ya manganizi, na yeye alitaka kujua zinavyovutana zenyewe kwa zenyewe. Alizisemesha chinichini: “Haya, taratibu, msinitie aibu.” Siku moja mkuu wa maabara akautazama mchoro wa vipimo vyake, mstari ukipanda mlima upande mmoja, ukishuka bonde upande mwingine, akaguna. “Dada, mashine imeharibika. Chembe hazichagui upande, mvuto wake ni sawa pande zote. Kesho tunaizima.” Mama Nyuzi akarudi kwenye sumaku. Alikilaza kipande upya kwa ubavu, akaanza tena, nyuzi tano tano. Kama mashine ndiyo ingekuwa mbovu, mlima ungebaki palepale mchoroni. Lakini mlima ukahama pamoja na kipande. Mkuu akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. “Kumbe zinachagua!” “Zinachagua, kaka,” akasema, akicheka mpaka mabega yakatikisika. “Hata mume wangu ana upande wake wa kitanda, sembuse hizi?”