Udongo Uliolala Goba

Nakumbuka siku moja, mwanangu, ambayo hata leo nikifumba macho huiona kana kwamba inapita nyuma ya chandarua: vilima vya Goba vimefunikwa na ukungu mwepesi, nyumba za majirani bado hazijaezekwa, na baba yangu ameinama juu ya rundo la mchanga na saruji, analigeuza kwa beleshi taratibu, kama mtu anayemgeuza mtoto usingizini.

Mchanganyiko ule, ukishatiwa maji, mafundi wa kwetu huuita udongo. Nilikuwa nimetoka kumaliza shahada yangu ya uzamili, na kichwa changu kilikuwa na tabia, ambayo sijaiacha, ya kulihoji kila jambo mpaka lichoke. Baba hakuwa hivyo. Alitia maji, akachanganya, akaniambia, "Leo tunamaliza ukuta wa chumba cha mama yako." Kisha akaketi chini ghafla. Beleshi likamtoka mkononi, na mdomo wake ukapinda.

Hospitalini walituambia kwamba ni kiharusi, na kwamba hawawezi kutuahidi lolote. Mama alibaki kando ya kitanda. Alasiri, mimi na shangazi Debora, dada yake baba, tukarudi kiwanjani kuhifadhi vifaa.

Rundo lilikuwa pale pale, limekakamaa, alama za beleshi la baba zikionekana juu yake kama mawimbi yaliyosimama. Fundi Saidi, aliyekuwa akitujengea, alikuwa akitungoja. Nikamwambia aumalizie ukuta kwa udongo ule ule. Hoja yangu nilikuwa nimeijenga njiani, hatua kwa hatua: mikono iliyouchanganya ni ya baba, ukiingia ukutani, kazi yake haitakuwa imeachwa njiani, na mtu ambaye kazi yake haijaachwa njiani, naye hawezi kutuacha.

"Pole sana, dada," Saidi alisema. "Huu umelala. Ila ukitaka tunauamsha. Ndoo ya maji tu, utaona unavyolainika."

"Uamshe."

"Nani kasema uamshwe?" Shangazi alidakia. "We Saidi, ingekuwa kwako ungeuamsha?"

Fundi akacheka kwa aibu. "Kwangu hapana, mama. Ila dada analia, mie nitamkataliaje?"

"Basi mwache alie yeye, ukuta usilie." Kisha akanigeukia, sauti yake ikashuka. "Mwanangu, huu umeshashika. Ukiutia maji utalainika, utakudanganya. Utakaa juu ya tofali, lakini hautalishika. Kaka yangu hakuamka alfajiri kuchanganya udongo ili mke wake aje aangukiwe na ukuta."

"Lakini ni wa baba, shangazi."

"Baba yako yuko hospitali. Hayumo humu."

Nikaenda kuchukua jembe.

Tukalivunja rundo kwa jembe, tukalibeba kwa karai hadi getini, mahali ambapo mvua ilikuwa imechimba korongo, tukalifukia. Kisha nikachanganya udongo mwingine, kidogo tu: mchanga na saruji vikiwa vikavu mpaka rangi ikawa moja, halafu maji katikati. Saidi alijenga, mimi nikimpelekea. Mwanga ulipokuwa ukififia, nililigusa tofali la mwisho, nikahisi limetulia mahali pake. Nililia tena, lakini kilio hicho hakikuomba kitu.

Baba alirudi, mwanangu, baada ya majuma mengi, akiegemea fimbo, maneno yakimtoka kwa shida. Alisimama getini akiutazama ukuta kwa muda mrefu.

"Udongo wangu... mliufanyaje?"

"Unaukanyaga, kaka," Shangazi alimjibu.

Akaitazama miguu yake, akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, nasi tukacheka mpaka mama akalazimika kumshika asianguke.

Kwa hiyo nakuusia hivi. Ujengapo, changanya udongo unaoweza kuumaliza kabla haujashika. Uliokwisha kushika usiuamshe, hata kama umechanganywa na mikono unayoipenda kuliko yako. Na umpendaye akiugua, mfuate alipo. Usimtafute katika vitu alivyoviacha, ukavibebesha mzigo visiouweza. Kilichoharibika kiondoe bila hasira, kisha uanze tena kwa kiasi kidogo, hata kama macho yako bado hayajakauka.

Mwenyezi Mungu aitie nguvu mikono yako. Aijaze nyumba yako sauti za watu wako, na mvua ikinyesha, mlale wote kwa amani.