Mgonjwa Wako Anakula Nini?

Jamani, haya nimeyaficha miaka mingi, hata mke wangu nilimwambia shati lilichanwa na msumari.

Ilikuwa enzi za ruksa, biashara zimefunguliwa, nauza mitumba Misigiri na najiona mtu mzito. Mdogo wangu Elia alikuwa anasikia sauti za watu wasiokuwepo, basi wakaja watafiti Kiomboi na mashine ya kupima umeme wa ubongo, wanataka kujua sauti hizo zinaanzia wapi kichwani. Nikampeleka, wakaomba na ndugu mzima apimwe ili walinganishe, nikakaa kwenye kiti (kwa maringo, maana mzima ndiye mimi). Wakanichora alama za kalamu kwenye paji la uso, wakanipaka gundi nyeupe kwenye nywele, wakabandika nyaya. Tulipomaliza dada mmoja akatuonyesha ndoo ya maji tunawe. Nikaona foleni, na njaa inauma, nikasema nitanawa nyumbani. Elia alinawa.

Tukaingia kwa mama lishe. Mama akakitazama kichwa changu, kisha akamgeukia Elia. "Baba, mgonjwa wako anakula nini?"

Nikamwambia mgonjwa si mimi. Akanionea huruma, akamwambia Elia, "Wote husema hivyo." Nikapandisha sauti, nikaeleza kwamba nina biashara, nina marobota ya nguo, mzee wa meza ya pili akasema mgonjwa wa juzi yeye alidai ana ndege. Watu wakacheka, nikapiga meza, chai ikamwagika, vijana wawili wakanidaka mikono mpaka shati likachanika, na mimi kwa hasira nikawatukana kwa Kinyiramba, lugha ambayo wote pale wanaielewa (hapo ndipo nilipoharibu kabisa).

Elia akasimama. "Mwachieni, tafadhali. Huyu ni kaka yangu, ni mzima. Anayeumwa ni mimi."

Wakatutazama, hawajui wamwamini nani. Wakaniachia polepole. Elia akanivutia kiti, akaninong'oneza, "Usipige kelele, kaka. Ukipiga kelele ndiyo wanaamini."

Mama lishe akatuletea kuku, nikamla machozi yakinilenga. Miaka yote nilikuwa nikifika nyumbani namuuliza mama yetu, Elia mwenyewe amekaa pale pale, ameamkaje huyu, ameshakula huyu.

Watafiti walisema majibu yatachukua muda mrefu, na mpaka leo sijui waliona nini kwenye ubongo wake wala wangu. Ila niliapa: nikitaka kujua hali ya Elia, namuuliza Elia.