Kigurudumu cha Pua ya Ndege

Harufu ya risasi ya kulehemu ikinipata puani, hata leo ndani ya karakana yangu hapa Njombe, namsikia Tumaini akinicheka: "Wewe wa Mdandu, ndege hii utaizeekea chini!" Alikuwa binti wa jirani yake Mjomba Festo, na wa kwanza kati ya wengi waliosema sitaweza. Nayaandika haya nikiwa nimerudi nyumbani na stashahada ya ufundi wa ndege, niliyoisomea kwa jasho langu mwenyewe, kwa hiyo mtaniruhusu nijisifu kidogo.

Mjomba alitengeneza redio na kompyuta Makambako, na likizo zote nilikaa kwake. Kwenye kompyuta moja kuukuu aliweka gemu la ndege za vita. Tuliziongoza kwa mpini wa plastiki alioufufua mwenyewe, wenye kigurudumu kidogo ubavuni. Ada yake ilikuwa kuni: mzigo mmoja, zamu moja, na zamu iliisha ndege ikianguka. Zilianguka zote. Ndege yenye mabomu mawili ilikimbia, ikaruka kama mbuzi aliyekanyagwa, pua ikatazama mbinguni, kisha puu!

Sisi tulikuwa watoto wa barabara kuu. Tuliona kila siku jinsi dereva wa lori lenye mzigo anavyoingiza gia nzito mapema, kabla mlima haujaanza. Tukaamua ndege yenye mabomu nayo inataka hivyohivyo. Kwa kuwa kigurudumu kile kikizungushwa nyuma kiliinua pua, tulikizungusha mpaka mwisho, tukakiita gia ya mlima. Hakuna aliyethubutu kukigusa tena.

Mimi nilitangaza kwamba nitairusha kabla likizo haijaisha. Zamu zangu zilipokwisha, nikakopa tatu: moja kwa Daudi, moja kwa Lwitiko, moja kwa Tumaini. Tumaini akaweka sharti. Nikishindwa, nitambebea kuni zake mpaka siku ya kurudi Mdandu, na wote wataniita Kuku.

Ya Daudi ikaanguka. Ya Lwitiko ikaanguka.

Asubuhi iliyofuata nilitumwa kupeleka gunia la viazi kwa baiskeli, nikalifunga nyuma kabisa. Kwenye kilima tairi la mbele likanyanyuka, usukani ukawa mwepesi kama hauna kazi, nikaangukia majanini. Viazi vikiwa bado vinabingirika, nikaiona ndege yetu. Nayo ilinyanyua pua kabla mabawa hayajapata kasi ya kuibeba.

Jioni nikakaa kwenye zamu ya Tumaini, nikarudisha kigurudumu katikati, nikakisogeza mbele kidogo.

"Ametoa gia ya mlima!" Daudi akapiga kelele. "Amekwisha huyu!"

"Kuku! Kuku!" akaimba Tumaini.

Ndege ikakimbia. Mkia ukainuka.

"Vuta, wewe! Vuta!" wakapiga kelele wote.

Sikuvuta. Njia ilikuwa inaisha, ndipo nikavuta kidogo tu, kama mtu anayefunua kitoto kilicholala. Magurudumu yakaacha ardhi taratibu, nikapita juu ya miti. Tumaini alinipiga kofi la mgongo ambalo bado nalihisi.

Kwa siku mbili nilibeba mizigo mitatu ya kuni, nikamrudishia kila mmoja zamu yake, na somo la kigurudumu nikaliongeza bure. Tumaini, wa mwisho, alikaa angani mpaka chai ikapoa. Mjomba, koti limefungwa mpaka shingoni, akauliza, "Huyu anashuka lini?" Nikadhani ananisifia.

Miaka baadaye, chuoni, mwalimu alitufundisha kwamba kibati kidogo cha mkiani, kinachoongozwa na kigurudumu kama kile, hupangwa kabla ndege haijakimbia, na kila fundi analijua hilo. Nikakumbuka nani aliufungua mpini ule na kuunganisha nyaya zake. Siku hiyohiyo nikampigia simu kumuuliza mbona hakutuambia.

Mjomba alicheka mpaka akakohoa. "Mpwa wangu," akasema, "Makambako kuna baridi. Mngeruka vizuri tangu mwanzo, kuni ningepata wapi?"