Giaboksi Iliyogoma kwa Wakwe

Mnisitiri, jamani, lakini lazima niseme. Mimi ni fundi wa magari Kitale, na Jumapili nilimpeleka mke wangu kwao Misikhu kwa gari letu la kwanza, la otomatiki. Mama mkwe alijificha jikoni, maana kwetu mkwe hatazamwi wala hasemeshwi.

Wakati wa kuondoka, gari lilikataa kutoka. Nikaweka D ya kwenda mbele, likanguruma tu. Nikaweka R ya kurudi nyuma, likatetemeka. Nikapima oili ya giaboksi, nikainusa: haikuwa imeungua. Nikaweka N, gia huru, baba mkwe akasukuma. Wapi!

"Giaboksi imejifunga," nikatangaza kama daktari, nikachukua spana, nikatambaa chini ya gari na suti yangu ya harusi. Mke wangu akaanza kulia.

Hapo mama mkwe akashindwa kuvumilia. Sauti yake ya upole ikatoka jikoni, ikimsemesha kuku: "We kuku, si uambie huyo mtoto wangu aliye chini ya gari niliwekea tairi mawe, mbele na nyuma? Niliogopa ati gari itamkimbia kwa huu mteremko."

Nikageuza shingo. Spana yangu nilikuwa nimeilaza juu ya jiwe lenyewe.