Kofia Mpaka Puani

Zlatka alikuwa amewauzia wasafiri vitafunio nusu ya umri wake, na yeye mwenyewe hakuwahi kupanda treni kwa starehe hata siku moja. Kibanda chake kilikuwa ndani ya stesheni ya Gorna Oryahovitsa, pale treni za kaskazini zinapokutana na za kusini. Kila asubuhi alipanga banitsa za moto dirishani, zile za unga na jibini zinazochoma vidole, huku spika ikitangaza majina ya miji juu ya kichwa chake. Safari zake yeye zilikuwa za harusi, za misiba na za kung'oa meno. Ukimuuliza Varna ikoje, angekwambia hospitali yao ina ngazi nyingi.

Kwa hiyo siku alipotangaza mezani kwamba likizo ya Aprili atawapeleka wajukuu Plovdiv, kupumzika tu, mumewe Dobrin aliweka kijiko chini.

“Kupumzika? Wewe?”

“Mimi. Kwani mimi ni punda?”

“Punda nimeshamwona akipumzika, mama Silviya. Wewe bado.”

“Utaniona sasa. Tutaamka tukichoka kulala. Tutakunywa chai polepole. Tutakaa kwenye benchi tutazame watu wanavyopita, na mtoto akitaka aiskrimu apewe aiskrimu. Hakuna makumbusho, hakuna kupanda vilima, hakuna kukimbizana.”

“Na mayai ya kuchemsha?”

Zlatka akajifanya hakusikia, maana trei nzima ilikuwa imeshanunuliwa.

Dobrin alikuwa anamtania tu, kwani ukweli wa safari ile aliujua. Binti yao Silviya alikuwa Italia mwaka wa pili sasa, akimtunza bibi kizee mmoja asiyeweza kujigeuza kitandani, na watoto wake wawili, Nevena na Kalin, walikuwa wakilelewa na babu na bibi. Baba yao alikwisha kwenda zake zamani na hakuna aliyemtafuta. Krismasi Silviya aliahidi kuja. Watoto walivaa nguo zao nzuri, wakasimama dirishani mpaka kioo kikaingia ukungu wa pumzi zao. Mwanamke aliyekuwa amshikie zamu kwa yule kizee hakutokea, na safari ikafa. Akaahidi tena siku ya kuzaliwa ya Kalin. Ikawa yale yale. Kalin, ambaye ana miaka mitano, alilia, akala keki, akasahau. Nevena, mwenye miaka kumi, hakulia. Alikwenda kutandua kitanda alichokuwa amemwandalia mama yake, akakirudisha kuwa kitanda cha kuwekea nguo. Zlatka alimwona kupitia upenyo wa mlango.

Sasa Silviya alikuwa amepewa siku nne. Basi linalotoka Italia linaishia Plovdiv. Zlatka akala kiapo: safari hii watoto hawaambiwi. Wao wataambiwa Plovdiv, mapumziko, aiskrimu. Silviya akija, watapata mama. Asipokuja, watapata aiskrimu, na hakuna atakayesimama dirishani.

Ulikuwa mpango mzuri. Kasoro yake moja ilikuwa kwamba Nevena hakutaka kwenda.

“Plovdiv hapana,” alisema, macho kwenye sahani.

“Plovdiv ina nini?”

“Twende Gabrovo.”

“Gabrovo kuna theluji bado!”

“Basi Smolyan.”

“Smolyan ni huko juu milimani, wewe mtoto! Utapumzikaje na meno yanagongana?”

Nevena akainua mabega. Siku hizo alikuwa na mambo yake. Alivaa kofia ya sufu ya babu yake, ameivuta mpaka kwenye nyusi, hata jua likiwaka. Barabarani alitembea akitazama viatu. Mwalimu alipiga simu kulalamika kwamba wenzake wakitoka kucheza, yeye anabaki darasani, na amebadilisha kiti ili asikae karibu na dirisha. Zlatka alijaribu kwa upole, akajaribu kwa ukali, na hatimaye akachemka kabisa.

“Hivi unanionea mimi? Kina mama wa watu wanawapeleka watoto wao kutembea, watoto wanarukaruka kwa furaha! Mimi wangu ananichagulia miji ya barafu! Nimekukosea nini, Nevena?”

Mtoto akatoka mezani. Kalin akabaki, anatafuna, amejipaka rojo ya pilipili tamu mpaka masikioni.

“Bibi, usimfokee. Anaogopa kuona maua.”

“Maua gani?”

“Ya miti. Akiyaona itabidi avue uzi.”

Zlatka akakaa chini polepole.

Tarehe mosi ya Machi kila mtu huko hufungiwa martenitsa mkononi, uzi mwekundu na mweupe uliosokotwa pamoja, na haivuliwi mpaka uone ndege korongo au mti uliochanua. Hapo ndipo unaifunga tawini. Mwaka ule Silviya aliwatumia watoto za kwao kwa dereva wa basi. Wengine wote walikwisha kuzivua. Machi ikiisha hata wavivu wa kutazama angani huzifunga popote, na Kalin yeye alidai ameona korongo siku ya pili tu, juu ya duka la vipuri. Ya Nevena ilikuwa mkononi bado, imechakaa na kuwa rangi ya maji ya vyombo. Zlatka alikuwa ameiona mara mia, akadhani ni uchafu wa kitoto.

“Mama alimwambia kwenye simu,” Kalin akaendelea, amefurahi kwamba kwa mara moja anasikilizwa. “Alimwambia, kabla hujaivua nitakuwa nimefika. Kabla miti haijachanua. Kwa hiyo Nevena haangalii miti. Asipoiona, haijachanua.”

 Zlatka alikwenda ghalani, akajifanya anatafuta mtungi wa kabichi, na huko akalia kidogo na kumtukana binti yake kwa sauti ya chini. Mwezi mzima mtoto amebeba mwaka mzima mabegani, amezuia majira kwa kofia ya sufu, na yeye bibi mtu yuko pale anamwita mkaidi.

“Vunja safari,” Dobrin alimshauri walipobaki wawili. “Kusini huko kila mti umeshachanua. Silviya asipotokea, utakuwa umemvunja mtoto mara mbili.”

“Na akitokea?”

“Basi mwambie mama yake anakuja.”

“Nimwambie asimame tena dirishani? Thubutu.”

Walikaa hivyo, wazee wawili, chai inapoa. Zlatka alijua kabisa anachohofia. Si maua. Alihofia kwamba mtoto akishindwa mara hii ataacha kungoja, na mtoto akiacha kumngoja mama yake hakuna basi litakaloweza kumrudisha.

Asubuhi yake alimfuata Nevena chumbani. Hakumwambia habari za Silviya. Alisema, “Kalin amenieleza. Usimpige.”

Nevena akamtazama kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, tayari kupigana.

“Sitakwambia uvue,” Zlatka akasema. “Wala sitakwambia utazame. Twende Plovdiv, uvute kofia mpaka puani, mimi nitakushika mkono. Nitakuongoza kila mahali. Mchana kutwa, kama unataka.”

“Watu watacheka.”

“Wacheke. Nimeuza vitafunio stesheni, nimeona watu wakisafiri na kondoo.”

Nevena akaugusa uzi. “Na Kalin asiseme.”

“Kalin hatasema.”

Wakaondoka Ijumaa. Zlatka alibeba mayai yote, mkate, banitsa, jibini ndani ya mtungi, na kuku mzima amefungwa kwa taulo, kama kwamba Plovdiv hawajui kula. Dobrin aliwasukumia mizigo ndani ya behewa akisema, “Mapumziko mema, jeshi langu,” kisha akageuka haraka kwa sababu macho yake yalikuwa yameanza kulowa.

Treni ilipanda milima kwa kujivuta, ikatoka upande wa pili, na tambarare ikafunguka. Zlatka akasogea dirishani. Miaka yote aliyotangaziwa majina yale, hakuna spika iliyomwambia kwamba mabonde ya huku yanakuwa hivi. Miplamu myeupe, mipichi ya waridi, bustani baada ya bustani, mpaka kwenye matuta ya reli. Kando yake Nevena amekaa wima, kofia mpaka puani, anatafuna yai.

“Bibi,” Kalin akanong'ona, pua imebanwa kwenye kioo, “naona kile ninachokatazwa kusema.”

“Usiseme.”

“Kiko kingi sana.”

“Kalin!”

“Sisemi ni nini. Nasema ni kingi.”

Chini ya kofia, mdomo wa Nevena ulitaka kucheka, akaubana.

Plovdiv walikuta jua limetulia na watu wamekaa nje. Zlatka hakwenda kwenye barabara nzuri wala kwenye benchi za kutazamia watu alizoziota. Aliwapeleka kwenye benchi ya kituo cha mabasi, karibu tu na stesheni, akawaambia kwamba hapa pia ni mahali pazuri pa kupumzika. Basi lilitakiwa kufika kabla ya wao kumaliza kuku.

Kuku akaisha.

Wakala banitsa. Kalin akaenda msalani, akarudi, akaenda tena kwa sababu palikuwa na mashine ya kukaushia mikono. Wanawake wawili waliopita walimtazama Nevena, mmoja akamuuliza Zlatka kwa huruma, “Mtoto anaumwa macho?”

“Haumwi. Anapumzika,” Zlatka akamjibu, kwa namna iliyomfanya yule mama aongeze mwendo.

Simu yake ikalia ndani ya mfuko. Ujumbe wa Silviya: wamekwama mpakani. Baada ya hapo, kimya. Zlatka akapiga, haikuingia. Krismasi pia ilianza hivi, kwa ujumbe mmoja na kisha kimya. Akairudisha simu mfukoni kana kwamba ni kitu cha moto. Kando yake vidole vya Nevena vilikuwa ndani ya mkono wake, vyembamba, vinaupapasa ule uzi, na Zlatka akajiona mjinga wa mwisho duniani. Ungeweza kuwapeleka Gabrovo, alijiambia. Wangecheza kwenye theluji na dunia isingekuwa imechanua.

“Bibi,” Nevena akasema taratibu, “tunangoja nani?”

Zlatka angeweza kudanganya. Alikuwa na uongo tayari, mzuri, umeshaiva. Ila mtoto aliyefumba macho tangu asubuhi kwa kukuamini hadanganyiki.

“Mama yako,” akasema. “Ameniambia atakuja. Sikutaka kukwambia kwa sababu sijui kama atafika. Naogopa kama wewe.”

 Nevena aliivuta kofia chini zaidi, mpaka kwenye mdomo, na akausogeza mwili wake ukamlalia bibi yake ubavuni. Wakangoja hivyo, wote watatu, Kalin akihesabu mabasi na kukosea.

Lile la Italia liliingia likiwa na vumbi la nchi nne. Abiria walishuka na mafurushi yao, vikapu, televisheni iliyofungwa blanketi. Zlatka alisimama. Wakashuka, wakashuka, dereva naye akashuka kuvuta sigara. Kisha mlango wa nyuma ukafunguka, na mwanamke mwembamba akatoka mgongo mbele akivuta begi lililonasa. Alikuwa amevaa kofia ya jua, ukingo wake umeshushwa usoni, na alitembea akitazama lami.

“Mama!” Kalin akapaza sauti kabla mtu hajamwahi.

Silviya akaliacha begi hapo hapo. Alikuja mbio, bado ameinamisha kichwa, akaenda kupiga magoti mbele ya benchi, Kalin ameshaning'inia shingoni mwake. Nevena hakuondoa kofia. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, akamgusa mama yake mashavu, masikio, nywele, kama mtu anayehakikisha mali yake.

“Mama, miti imechanua?” akauliza kutoka chini ya sufu.

“Sijui,” Silviya akasema.

“Hujui vipi? Umepita njia yote.”

“Sikutazama. Huko kwa bibi kizee ilianza kuchanua mwezi uliopita. Kila siku nikienda dukani natazama viatu. Wananiita kichaa.” Akakunja mkono wa sweta. Martenitsa yake ilikuwa pale, imeliwa na dawa za kufulia, imebaki nyuzi chache tu zinazoshikana. “Nilikuahidi kabla ya maua. Ningeyaonaje kabla sijakuona wewe?”

Zlatka aligeukia ukuta wa kituo, akasoma kwa makini sana tangazo la matairi. Mwezi mzima aliomba binti yake awe na roho. Kumbe ilikuwepo muda wote, imeinama, inatazama viatu.

Nevena akashika kofia kwa mikono miwili, akaivua. Nywele zikasimama wima. Mplamu wa kituo, ule unaokula moshi wa mabasi mwaka mzima, ulikuwa nyuma kabisa ya mama yake, mweupe hadi tawi la mwisho, na petali zilikuwa zikimwangukia Silviya mabegani. Nevena hakuutazama. Alikuwa anautazama uso uliokuwa mbele yake, na hakuonyesha dalili ya kumaliza hivi karibuni.

Kalin alivumilia kadiri mtoto wa miaka mitano anavyoweza kuvumilia. Kisha akavuta sketi ya bibi yake.

“Bibi. Sasa naruhusiwa kusema?”

Zlatka alifuta pua kwa taulo lililofungiwa kuku.

“Sema, mjukuu wangu,” akajibu. “Sema kwa nguvu.”