Kikombe cha Kumi na Moja

Bibi yangu alikuwa na hakika kwamba Wayahudi waliisha. Wakanaani waliisha, Wafilisti waliisha, na Wayahudi nao vilevile, wote wamebaki ndani ya Biblia yake yenye jalada lililoliwa na panya. Kwa hiyo nilipomwambia kwamba Wayahudi sita wamefika Kasulo na gari jeupe, na wanatafuta mtu wa kuwasaidia kugawa uji, aliacha kupeta maharage.

"Wamefufuka?" akauliza.

"Wamefufuka, bibi. Mmoja ana jino la dhahabu."

Mimi ndivyo nilivyo, nafasi kama ile siiachi. Lakini bibi hakucheka. Mwaka ule watu hawakuwa na mzaha na mambo ya kufufuka. Mto ulikuwa umeshusha vitu ambavyo sitaviandika, watu wa kwetu wakaacha kula samaki. Vilima vilivyokuwa na miti nilipokwenda shule, niliporudi likizo nilivikuta vipara, vimejaa maturubai ya bluu ya wakimbizi waliovuka mpaka kukimbia mauaji, mpaka macho yanachoka. Asubuhi ukungu ukishuka maturubai yanapotea, unabaki kusikia watu wanakohoa. Wengi mno, wanakohoa ndani ya weupe, na humwoni hata mmoja. Bibi alikuwa ameshajumlisha hayo yote. Wayahudi walikuwa alama ya mwisho tu iliyobaki.

"Nenda," akasema. "Wakikuuliza jina lako, usiwape."

Walikuwa watu wa sinagogi moja la ng'ambo, yaani nyumba yao ya ibada, kama sisi tulivyo watu wa parokia. Walichangishana huko kwao, wakachagua sita wenye miguu mizima, wakaja wenyewe kujitolea. Kazi yao ilikuwa kuwajengea wasio na nyumba pale kambini. Siyo wote, maana wote hata Mungu angeomba likizo. Walianza na familia zilizokubali kupokea mtoto asiye na mtu. Nguzo, udongo, turubai juu, mlango wa mabanzi. Jumamosi hawakugusa hata nyundo, walikaa kwao wakisoma. Jumapili, sisi tukiwa tumepiga magoti kanisani, wao wanapiga misumari. Kambi nzima ikawaita Wasabato. Walikataa kwa adabu, wakachoka, wakaanza kuitika.

Mkubwa wangu wa kazi alikuwa mama mzee mwenye miwani minene, mwalimu mstaafu wa hisabati. Ujanani alifundisha Nairobi, kwa hiyo Kiswahili alikijua, ila alikisema kama taarifa ya habari. Nilimwita Mwalimu. Siku ya kwanza nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba vizuri kabisa, halafu akanipeleka kwenye banda la watoto wasio na mtu. Walikaa kwa makundi, kila kundi na mkeka wake. Nilipewa mkeka wa pembeni kabisa. Nikanyoosha kidole: mmoja, wawili, watatu. Akakishika kidole changu, hivi, kama mtu anayekamata nzi.

"Hatuhesabu watu," akasema.

"Si wewe mwalimu wa hisabati?"

"Vikombe, hesabu. Misumari, hesabu. Watu, hapana, binti."

Akanieleza desturi ya kwao. Wana mstari wa Zaburi ambao kwa lugha yao una maneno kumi. Wanamgawia kila mtu neno lake, mstari ukiisha wanajua kumi wametimia, na hakuna mtu aliyegeuzwa namba. Jioni nilipomsimulia bibi, alitikisa kichwa kwa kukubali. Yeye mwenyewe ukimuuliza ana wajukuu wangapi anakujibu, "Wapo." Akasema basi huenda hao kweli ndio wale wenyewe.

Maneno yao yalinikwaruza koo, Mwalimu akaniruhusu nitunge yangu, mradi yawe kumi. Nikatunga: *Mkuu wa shule ana kitambi kikubwa kuliko ngoma ya kanisa.* Hesabu mwenyewe. Watoto hawakujua Kiswahili, lakini baada ya siku mbili walikuwa wanaiimba pamoja nami, wakitoa sauti nyembamba, bila kutabasamu. Ukitaka kusikia kitambi cha mkuu wa shule kikitisha, uimbiwe na watoto kumi wasiotabasamu.

Sasa uji. Uji wa watu wale ulikuwa na maziwa ya unga na sukari, na nyumbani kwetu sukari tulikuwa tunaiona kwa jirani. Siku ya tatu nikampunguzia mkuu wa shule kitambi: nikalitoa lile neno "kikubwa". Sentensi ikaisha kwa mtoto wa tisa. Wa mwisho akabaki bila neno, binti wa miaka saba hivi, mwembamba, mwenye mkanda wa plastiki wa namba mkononi, ambaye tangu aletwe hakuwa amesema kitu. Mwalimu alikuwa anasikiliza mwisho wa sentensi tu. Aliposikia imeisha na mtoto bado yupo, akaandika vikombe kumi na moja.

Kikombe cha ziada nilikiweka mwisho wa mkeka, pembeni ya yule binti, ili akina mama wa jikoni wasinishtukie. Wakiniuliza hicho cha nani, nasema cha mmoja aliyekwenda chooni. Kila siku alikuwa chooni. Mtu mwenye tumbo la namna hiyo angekuwa ameshalazwa. Watoto wakiinuka kwenda kucheza, nakichukua, nazunguka nyuma ya banda, nakunywa. Nilikunywa karibu wiki nzima na sitadanganya kwamba kilikuwa kibaya.

Hata kucheza kwa watoto kulikuwa na walakini. Walikimbizana bila kupiga kelele. Unasikia miguu tu.

Siku ya nne au ya tano ya wizi wangu nikaona kitu. Mwisho wa mkeka, pale ninapoweka kikombe, palikuwa na nafasi. Watoto walibanana upande huu magoti kwa magoti, na pale pakabaki patupu, pa kumtosha mtoto mmoja. Kitoto kimoja kigeni kikaja kutaka kukaa pale, wenzake wakakivuta kwa shati. Wakipita wanazunguka. Yule binti asiyesema alikuwa anapafuta vumbi kwa kiganja kabla uji haujaja, kisha anakigeuza kikombe, mshikio uelekee kule kusikokuwa na mtu.

Nilimuuliza mvulana mmoja wa mkeka ule. Kihangaza chetu na lugha yao ni ndugu, tunasikilizana.

"Pale anakaa nani?"

"Mdogo wake," akasema, akimwonyesha binti kwa kidevu, kama anayenitajia mbuzi ni wa nani.

Bwenini, sasa niko kidato cha tatu, nimewahi kuisimulia habari hii kwa ajili ya kuchekesha. Huwa wanacheka mpaka hapa. Baada ya hapa mtu mmoja huwa anasema tuwashe taa.

Kesho yake sikukinywa. Nilikiweka pale pale, kimejaa, nikawachukua watoto wote kwenda kuosha vikombe vyao kwenye tangi. Nasema wote. Nilisema sentensi nzima, pamoja na kitambi chote, pale pale tangini, na kila neno likapata mtu wake. Tuliporudi kikombe kilikuwa kitupu. Kilikuwa kimefunikwa, mdomo chini. Nikapapasa ardhi na mkeka, pakavu. Kambini njaa ilikuwa ya kila mtu, angeweza kuwa yeyote aliyepita. Ingekuwa mbwa ningelala vizuri, lakini mbwa hafuniki kikombe.

Nilikiangalia kile kikombe, watoto wakaniangalia mimi, kisha wakakaa, wakaiacha nafasi.

Jumapili iliyofuata mama mmoja alikuja kumchukua yule binti. Alikuwa mkimbizi kama wao, ana watoto wake wawili, na tangu wavuke mpaka walikuwa wanalala chini ya turubai lililochanika. Nyumba yake ilikuwa imekamilika siku mbili kabla, Ijumaa. Alishakuja kumsalimia binti mara mbili, mara ya pili akamletea kiazi cha kuchoma, na binti alikula akiwa amemwegemea. Ilikuwa lazima iwe siku ile. Watoto waliokosa familia walikuwa wanaondoka Jumatatu kwa lori, kwenda kituo cha watoto katika kambi nyingine, mbali, na kutoka huko hakuna aliyejua wanapelekwa wapi.

Mama akamnyooshea mkono. Binti akarudi nyuma, akakaa pembeni ya ile nafasi.

"Siendi," akasema.

Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, kama ya mtu mzima aliyetoka usingizini. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuisikia.

"Akija kunywa uji asinikute?"

Mama alielewa maneno, hakuelewa maana. Mwalimu hakuelewa hata maneno. Akanigeukia mimi, mkalimani wake.

"Anasema nini?"

Nimewahi kupigwa fimbo mbele ya shule nzima nikiwa nacheka. Siku ile nilitamani fimbo. Nikamvuta Mwalimu pembeni nikamwambia yote: neno nililolitoa, kikombe, mtu wa chooni, nyuma ya banda. Akakaa juu ya dumu la maji. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.

"Sema sentensi yako. Nzima."

Nikaisema nikiwagusa watoto vichwani mmoja mmoja. Ikaishia kwa yule binti, barabara.

"Mama yangu aliandikwa namba," Mwalimu akasema. "Katika vita kubwa ya Ulaya, kwa sababu ni Myahudi. Mkononi, ndani ya ngozi, siyo ya plastiki inayokatwa na mkasi. Waliwaandika namba yeye na dada zake. Alirudi peke yake. Ndiyo maana nyumbani kwetu hatuhesabu hata wageni wa chakula." Akainuka kwenye dumu. "Uongo ni wako, binti. Nenda kamwambie wewe."

Nikaenda nikachuchumaa mbele ya yule mtoto. Mama na watoto wake wawili walikuwa wamesimama pale pale, wananisikia.

"Ule uji alikuwa hanywi mdogo wako. Nilikuwa nakunywa mimi. Nisamehe."

Hakushangaa hata kidogo.

"Najua. Nilikuwa nakuona nyuma ya banda," akasema. "Alikuwa anakuachia."

Nikamsogelea.

"Na ile siku ambayo sikunywa?"

"Siku ile alikuwa na njaa."

Mchana kweupe, jua kali, na mgongo wangu ukaingia baridi kama mtu aliyemwagiwa maji ya mtungi. Mimi ambaye darasani huwa natolewa nje kwa sababu ya mdomo, nikabaki nanyofoa ukindu wa mkeka. Mama ndiye aliyechuchumaa karibu yangu, akamuuliza binti alimwacha wapi mdogo wake.

"Darajani. Watu walikuwa wengi, mkono wake uliteleza." Alifungua kiganja akakitazama. "Nilimwambia, ukipotea, fuata kule watu wanakokwenda. Sasa amefika. Nikiondoka atafuata nani?"

Mwalimu akaniuliza, nikamtafsiria neno kwa neno, safari hii bila kupunguza. Akafikiri, kisha akaniambia nimweleze mama kwamba nyumba ni yake hata mtoto asipokwenda, asije akadhani analazimishwa. Nikamweleza. Mama akatikisa kichwa kuonyesha amesikia, lakini macho yalikuwa kwenye ile nafasi ya mkekani. Aliitazama muda mrefu. Watoto wake walishika khanga yake kila mmoja upande wake. Nilijua anachopima, maana hata mimi ningepima: kumwingiza mtoto mmoja ndani ya nyumba mpya, au kuingiza wawili, na mmoja hujui ni nini.

"Anakoroma?" akamuuliza binti.

Binti akafikiri. "Hapana. Anapiga mateke."

"Basi atalala upande wa ukuta. Na maji atachota kama wenzake, kwangu hakuna mtu wa kukaa tu."

Nilitaka kucheka, nikamwangalia usoni, nikaacha. Hakuwa anatania. Alikuwa anasema masharti, vile angemwambia mtoto wa dada yake aliyekuja kukaa.

Binti aliinuka. Alipafuta vumbi mahali pake na mahali pa pili, akampa mama mkono wa kulia. Wa kushoto akauacha nyuma, vidole vimejikunja kama vimeshika kitu, na ndivyo alivyotembea kati ya maturubai yote yale. Mimi na Mwalimu tulifuata. Watu walikuwa wanatupisha, na walipomaliza kutupisha sisi walikuwa wanachelewa kidogo kurudi njiani. Sijui kwa nini. Sikuwauliza.

Nyumba ilinukia udongo mbichi. Mama alitangulia kuingia, akatandika mikeka huku akimwambia binti aliyekuwa bado nje asikanyage kizingiti, bado hakijakauka. Watoto wake wakaruka ndani. Binti akaruka, halafu akageuka akavuta ule mkono wake wa kushoto taratibu, kama anayemsaidia mtu mwenye miguu mifupi.

Mwalimu alikuwa amenishika bega, na midomo yake ilikuwa inacheza bila sauti. Nadhani ulikuwa ule mstari wao. Sikuthubutu kuangalia ameishia wapi.

Mama akarudi mlangoni kutuaga. Akashika ubao wa mabanzi auvute, watoto wote wakiwa wameshaingia. Akangoja. Aliangalia chini, pale kizingitini, kwa muda ambao mtoto mdogo angehitaji kupandisha mguu wa kwanza na kisha wa pili. Halafu akafunga.