Minyaa ya Jirani

Jirani yetu alikuwa na haki ya kupita shambani kwetu, na sikuwahi kuikataa. Shamba lake liko nyuma ya letu, mbali na barabara ya Rulenge, na babu yake alipita hapo kabla mimi sijazaliwa. Nilichokataa ni mahali alipopita: katikati ya uwanja, chini ya dirisha la chumba alimolala mama yangu mgonjwa. Alfajiri baiskeli na kengele yake, jioni mbuzi, wakila maharage yetu kama wamealikwa.

Mama alimwomba apitie pembeni, walau mpaka apate nafuu. Nilikuwa ndani nakoroga uji, nikamsikia jirani akimjibu huku anacheka: "Mama, wewe utaondoka. Njia itabaki."

Mama aliondoka kweli. Tulimzika kando ya nyumba, na kabla hata matanga hayajaisha mbuzi wa jirani walipita juu ya kaburi, udongo ukiwa bado mbichi. Siku hiyo niliapa. Watu walisema ni uchungu wa msiba, utapoa. Haukupoa, na mimi sikutaka upoe.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, naye akaita wazee. Wakaamua kwamba jirani lazima apite, lakini njia inaweza kuhamishiwa ukingo wa chini wa shamba langu, pale ninapopakana na kahawa yake, mradi itoshe baiskeli yenye mikungu ya ndizi. Niliifyeka mwenyewe. Nikaifanya pana na safi, asipate la kusema. Alinuna, lakini akapita.

Kisha akaanza kuhofia mbuzi wangu. Yeye! Akakata vijiti vya minyaa, ile miti ya utomvu mweupe, apande uzio kati ya njia na kahawa yake. Mpakani penyewe pana mawe, jembe linagonga, naye hapendi kutoka jasho. Akarudi nyuma ndani ya shamba lake, hadi kwenye udongo laini, akapanda huko, na mstari mzima wa mibuni yake ukabaki nje, upande wangu.

Huku kwetu Ngara minyaa si uzio tu. Ukiipanda kwa mkono wako kati yako na jirani, umesema ardhi yako inaishia hapo. Hilo kila mtu analijua, hata yeye. Uvivu na woga wa mbuzi vilimsahaulisha. Nilimwona akipanda. Nikampa pole ya kazi, nikaingia ndani, nikacheka mpaka machozi yakanitoka.

Nikasubiri minyaa ishike. Ilipochipua, nikatengeneza pombe ya ndizi, nikawaita wazee walewale waje waone kama njia imekaa sawa. Jirani naye akaja. Tulipofika kule chini nikauliza kwa upole, kama mtu anayesifu: "Minyaa imependeza. Nani kaipanda?"

"Mimi," akasema, kifua mbele. "Kwa mkono wangu."

Wazee wakatazamana. Mmoja akaiangalia ile mibuni, akamgeukia. "Umepanda mwenyewe, au kuna aliyekulazimisha?"

Hapo ndipo alipoelewa. Akabwabwaja kuhusu mawe, kuhusu mbuzi, akashika kijiti kimoja akitaka kuking'oa, wakamkataza. Mbele ya wazee waliosikia kwa masikio yao, hakuwa na pa kutokea. Pombe yangu hakuionja.

Wazee walisema ile mibuni sasa ni yangu, ila ningeweza kumsamehe. Ningeweza.

Msimu wa mavuno nilikuwa nachuma buni, nyekundu na nzito, kikapu kiunoni, alipotokea na baiskeli yake. "Shikamoo, baba," nikamwamkia, maana mama alinilea vizuri. Akalazimika kuitikia marahaba. Akasimama, akiutazama mkono wangu kwenye tawi alilolipogoa yeye.

"Mwanangu," akasema, "kweli roho haikuumi?"

"Njia imebaki, baba," nikamwambia. "Kahawa ndiyo imeondoka."